Mkono wa Kulia, Bega la Kushoto

Nilikuwa nimeapa kutoyasema haya, lakini yule bwana wa kwenye televisheni amenikera.

Televisheni ni ya saluni iliyo mlango wa pili kutoka kwetu, na huwashwa asubuhi mpaka jioni. Siku hiyo walikuwa wamemwita mtaalamu wa muziki, amevaa miwani mikubwa na koti linalombana kwapani, aeleze video mpya ya mwimbaji kijana anayeitwa Shanga. Akaisimamisha picha penye msichana aliyevaa gauni la njano, gauni lenye mkono mmoja tu, wa kushoto. Akasema mkono ule ni nukuu. Video ya Shanga inanukuu video nyingine ya miaka kumi nyuma, nayo hiyo ilinukuu ya kale zaidi, na ile ya kale ilinukuu michoro ya malaika waliovunjika bawa. "Upande uliofunikwa na upande ulio wazi," akasema, "ni mwanamke aliyesimama kati ya jana na kesho."

Mwenye saluni akaguna kwa kukubali. Wateja wake, vichwa vimejaa povu, wakakubali pia. Mimi nikaweka mkasi mezani. Jana na kesho gani? Gauni la kwanza kabisa lilikuwa na mkono mmoja kwa sababu kitambaa kiliisha. Najua, kwa maana mimi ndiye niliyeupiga pasi mkono huo.

Aliyeushona alikuwa humo humo saluni wakati mtaalamu anaongea. Alisimama pembeni kabisa ya televisheni, mkono wa kushoto, karibu na ukuta, mahali ambapo mtu haoni picha vizuri. Siku hizi husimama hapo kila video ile ikipigwa. Kwa nini anasimama hapo nitafika.

Mimi ni fundi suruali. Nimekaa kwenye baraza hii miaka ishirini na sita. Ina vyerehani vitatu: cha kwanza changu, cha pili cha huyu mwanamke aliyeushona mkono, cha tatu kilishakufa na tunakiwekea vitambaa. Tunamwita Pindo. Jina alilipata kwa sababu hakuna aliyejua kukunja pindo la gauni kama yeye. Uligeuze ndani nje, hutaona pa kuanzia wala pa kumalizia. Yeye naye aliniita Suruali, na akiwa amekasirika aliniita Suruali Fupi.

Alikuwa na tabia moja. Mafundi wote hushika pini kwa midomo tunapompima mtu, mikono ikiwa na kazi. Lakini Pindo alizitia pini mdomoni hata asipokuwa na mtu wa kumpima, alimradi kuna swali hataki kulijibu. Ukimuuliza mbona hukuolewa, pini mbili. Ukimuuliza umri wake, tatu. Ukimuuliza mdogo wake alikufaje hasa, anabandika pini mdomo mzima, na hapo hata ungeleta mkuu wa polisi asingepata neno. Mbea mmoja wa mtaa wa nyuma aliwekewa pini tisa siku moja, akachukua blauzi yake akaenda zake.

Walizaliwa wawili tu, yeye na huyo mdogo wake, na wazazi walitangulia mapema. Pindo akamlea kwa cherehani. Mdogo alikuwa mcheza dansi, mwenye kicheko cha kusikika mpaka kwa fundi viatu ng'ambo ya barabara. Aliolewa na dereva wa lori, mtu mpole mbele za watu, mwenye salamu ndefu: atakuuliza habari za nyumbani, za kazi, za cherehani, mpaka za paka. Wakapata mtoto wa kike, mwembamba kama nini, nasi tukamwita Uzi.

Uzi alikuwa na mwaka mmoja na nusu wakati bendi moja ilipokuja kutengeneza video. Enzi zile video ilikuwa kitu cha ajabu. Kamera ilibebwa begani kama gunia la mkaa, na watu walifuata nyuma yake kama wanafuata harusi. Walimtaka mdogo wake Pindo acheze akishuka ngazi za lile jengo la ghorofa la zamani lililo mwisho wa barabara yetu. Pindo akamshonea gauni la njano. Halikuwa na mikono. Mabega wazi, kiuno kimekaza, chini limemwagika. Lilikuwa gauni zuri kuliko yote aliyowahi kushona, na alikuwa akiringa nalo wiki nzima.

Asubuhi ya kupigwa picha, mdogo alikuja na mtoto mgongoni na mtandio mabegani, jua linachoma. Pindo akamwambia, "Hebu vua huo mtandio nikujaribishe." Akavua.

Kwenye mkono wa kushoto, chini kidogo ya bega, kulikuwa na alama nne upande mmoja na moja upande wa pili, zimeiva rangi ya zambarau. Yeyote aliyewahi kushika kitu kwa nguvu anajua vidole hukaa vipi. Niliziona. Nilikuwa hatua tatu kutoka pale, nimeshika suruali ya mwalimu mkuu, na niliziona wazi kama ninavyoziona sindano.

Pindo hakuuliza nani. Mdogo ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini, "Dada, leo sirudi kule. Nitalala kwako na mtoto."

"Wenzako wanakusubiri," Pindo akamwambia. "Maliza kazi kwanza. Tutaongea jioni."

Akaanza kutafuta kitambaa cha njano kwenye mabaki. Akapata kipande, cha kutosha mkono mmoja na si zaidi. Akakitandaza, akachora kwa chaki, akakata upesi upesi huku watu wa bendi wanapiga honi nje. Alipoubana mkono begani ndipo tulipoona kosa. Sehemu ya juu ya mkono wa gauni hukatwa mbele ndani zaidi kuliko nyuma, ili mtu aweze kunyoosha na kuinua. Yeye alikuwa amekitandaza kitambaa ndani nje. Ameshakata mkono wa kulia, na alama ziko kushoto.

"Umekata wa kulia," nikamwambia.

"Najua. Kitambaa kimeisha."

"Basi ushone hivyo hivyo. Unafunika, si unafunika?"

Katika maneno yote ambayo mtu mzima mwenye akili angeweza kusema asubuhi ile, mimi nilisema hayo. Tena nikachukua pasi nikaunyoosha.

Pale ngazini mkono ulimbana. Kila alipotaka kuinua juu kama wenzake, mshono ulivuta mbele, na mkono ukaishia nusu ya njia, sambamba na bega, vidole vimetawanyika. Ule wa kulia, ulio wazi, unapaa; wa kushoto unakwama. Mpiga picha alipiga kelele kwa furaha. Akasema mtindo wa namna hiyo hajawahi kuuona, rudia, rudia tena. Alirudia mara kumi na moja.

Jioni alikuja barazani kama walivyoahidiana. Wakakaa nyuma ya cherehani kibovu, mtoto amelala juu ya vitambaa. Sikutega sikio, lakini baraza ni baraza. Pindo alimwambia ndoa ina mambo yake, mwanamume huyo halewi, analeta chakula, na chumba cha Pindo ni kimoja. "Rudi leo. Ukimwambia taratibu atakuelewa." Mdogo akanigeukia mimi, kaka mtu wa kuokotwa, kama kuniuliza. Nikamwambia, "Mvumilivu hula mbivu."

Akamfunga mtoto mgongoni, akarudi.

Miezi miwili baadaye wakasema ameanguka ngazini nyumbani kwao. Mume ndiye aliyelia kwa sauti kuliko wote mazishini, hata watu wakamshika. Hakuna aliyeuliza kitu. Yeye akamleta Uzi kwa Pindo na begi la nguo. "Shemeji, nisaidie mpaka nitulie," akasema. Hakutulia mpaka leo. Alihamia mji mwingine akaoa, akawa anapiga simu mara moja moja, na salamu zake bado ndefu.

Wimbo ule ulipendwa kupita kiasi, na video yake ikapigwa kila mahali. Watoto wakawa wanaigiza: mkono mmoja juu, mwingine unakwama. Baada ya miaka kumi hivi akatokea mwimbaji mwingine, akawapanga wasichana kumi na wawili kwenye ngazi, wote njano, wote mkono mmoja, wote wanakwama kwa pamoja. Wachekeshaji nao wakavaa, wanaume na ndevu zao. Halafu wakaanza maharusi.

Wa kwanza alipokuja, Pindo alimshonea mkono sawasawa, wa kushoto ukae kushoto. Bibi harusi akaurudisha kesho yake. "Fundi, hii siyo. Ile ya kwenye video inavuta hapa mbele."

"Inavuta kwa sababu imekosewa," nikamwambia mimi.

"Basi na mimi nikosee hivyo hivyo."

Ndivyo fundi hodari kuliko wote mtaani alivyoanza kuharibu kwa makusudi. Alikuwa anangoja nikanywe chai ndipo aushone ule mkono. Nikirudi nakuta umeshakaa begani, naye anapiga pasi kitu kingine. Miaka na miaka. Mshono wa mkono mmoja ndio uliomsomesha Uzi, ndio uliomvisha. Kuna siku nilimkuta ameupakata mkono mmoja mapajani, haujabanwa popote, anaupanua kwa vidole kama mtu anayetafuta kitu ndani. Nikarudi kinyumenyume.

Uzi alikulia chini ya meza hii. Aliniita mjomba, na Pindo alimwita mama. Yule aliyemzaa alimwita Mama wa Video, kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kumwonea. Dakika tatu na kitu, basi. Alipopata simu aliitazama mpaka akajua kila kope. Ukipita nyumbani kwao mapema jioni unamkuta mbele ya kioo cha kabati, anashuka ngazi isiyokuwapo, mkono unakwama. Damu si maji: alicheza vile vile. Alikuwa na kicheko kile kile, na fundi viatu alishasema mara mia, huyu ni yule yule amerudi. Pindo alikuwa akimpenda mtoto huyo hadi inatia huruma. Akichelewa kidogo, cherehani kinakwenda mshazari.

Akaingia kwenye kundi la Shanga. Siku moja Shanga mwenyewe akaja barazani na dairekta wake. Nilidhani atakuwa na maringo, lakini alivua miwani, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, sisi wote tumekulia kwenye ule mkono. Nataka kuirudia shoti ya ngazi kama ilivyo, ngazi zile zile, gauni lile lile, kwa mkono wako. Na atakayeshuka ni Uzi."

Dairekta akapiga makofi, akasema mtoto kumnukuu mama yake ni kitu ambacho hakijapata kufanywa. Uzi alikuwa nyuma yao, mikono imeziba uso, anaruka ruka kama wa miaka sita. Wote wakamgeukia Pindo wasikie atasema nini. Alikuwa na pini mdomoni. Akatikisa kichwa kukubali.

Siku zilizofuata Uzi alifanyia mazoezi hapa hapa mbele yetu. Anasimama kwenye ukingo wa baraza, anashuka hatua, anageuka. "Mama, hapa mkono unaposimama, Mama wa Video alikuwa anawaza nini?"

Pini.

"Alikuwa anausikiliza muziki," nikasema mimi. Uongo ukiuzoea unatoka wenyewe.

Jumatatu ya wiki ile ile akaja mbio, simu mkononi. "Mama! Nimeongea na baba. Anakuja Alhamisi kunitazama! Amelia kwenye simu, mjomba, mwanamume mzima. Kasema mcheza kwao hutunzwa, na yeye lazima anitunze. Kasema baada ya hapo nikakae kwake kidogo, nijue na wadogo zangu."

Cherehani cha Pindo kikanyamaza. Uzi hakugundua, alishaingia saluni kuwapa habari. Pindo akanigeukia. Midomo yake haikuwa na pini, ila ilikaa kana kwamba zimo.

"Nifanye nini?"

"Yaliyopita si ndwele," nikaanza.

"Koma!" Sijawahi kumsikia na sauti ile. "Koma na methali zako, Suruali. Methali yako na mkono wangu ndivyo vilivyomrudisha mdogo wangu kule. Sasa unataka vimpeleke na huyu?"

Nikakoma. Nilichofanya ni kushika suruali iliyokuwa mezani na kuanza kuifumua, na haikuwa na kosa lolote.

Alhamisi watu wa Shanga walinichukua na mimi nikasaidie pasi. Jengo lilikuwa limepakwa rangi mpya, ghorofa ya chini imekuwa stoo, lakini ngazi ni zile zile. Walitupa chumba kidogo chini ya ngazi: kioo chenye taa pembeni, viti viwili vya plastiki, pasi ya umeme, harufu ya dawa ya nywele. Juu yetu tulisikia miguu ya watu wakiburuta waya.

Uzi alikuwa amevaa gauni, upande mmoja bado mkono haujafungwa, umeshikiliwa kwa pini tu. Pindo alikuwa nyuma yake, pini saba mdomoni. Nilikuwa nimeinamia pasi.

"Mama, pini hiyo umeshaichomeka mara tatu," Uzi akasema kwenye kioo. "Utanichoma. Jamani, si mimi ndiye ninayecheza?"

Pindo akaacha. Akatoa pini moja mdomoni, akaichomeka kwenye kile kimto cha pini kilichofungwa kifundoni mwa mkono wake. Akatoa ya pili. Nilijua kinachokuja, na nakiri nilitamani ziwe pini elfu.

Zilipokwisha akasema, "Gauni hili halikuwa na mkono."

"Najua. Ulikuwa ubunifu wako."

"Haukuwa ubunifu. Nilikuwa nafunika." Akaweka vidole vyake mwenyewe kwenye mkono wa Uzi, chini ya bega, vinne huku, kimoja huku, bila kubana. "Hapa. Zilikuwa hapa. Nilizifunika ili acheze. Alikuja asubuhi ile kuniambia harudi kwa baba yako. Jioni nikamwambia arudi. Nikasema chumba changu kimoja. Akarudi, na baada ya miezi miwili tukaambiwa ameanguka. Mkono wenyewe niliukata vibaya kwa haraka, ndiyo maana haukuinuka. Hakuwa anacheza pale unaposimama, mwanangu. Ulimbana."

Uzi hakugeuka. Alimtazama kwenye kioo. Juu yetu mtu alikuwa anahesabu moja mbili tatu, anajaribu kipaza sauti.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Ukashona mkono."

"Nikashona mkono."

"Na wewe, mjomba?"

Nikasema nilipiga pasi. Pasi ilikuwa inachoma meza, sikuisikia mpaka harufu ilipojaa chumbani.

"Maharusi wote wale," Uzi akasema polepole. "Ada zangu za shule. Kila siku mbele ya kioo, na wewe unapita nyuma yangu unaniona nafanya vile. Unaniona, mama, na unapita."

Pindo alikuwa analia bila sauti, machozi yanamwingia mdomoni. Uzi akatoka. Mlango ulibaki wazi na tulimsikia nje ukutani, anaongea na simu. "Baba. Umefika wapi? Hapana, usiseme mengi. Nijibu kimoja tu. Mkono wa mama ulikuwa na nini?" Mtu yule mwenye salamu za mpaka paka hakuwa na neno. Uzi akasema, "Basi usije," akarudi ndani.

Akasimama mbele ya kioo, akanyoosha mkono wa kushoto kwa Pindo. "Ufunge."

"Mwanangu, acha nikushonee sawasawa. Kitambaa kipo, kipo kingi, nitakata mwingine..."

"Ufunge hivyo hivyo. Si ndivyo unavyofungwa?"

Akaufunga. Sijapata kuona mishono iliyopinda namna ile kutoka mikononi mwa Pindo.

Kamera zikawashwa. Tulisimama chini, pembeni kushoto, nyuma ya taa, Pindo ameshika mkasi na kimto chake. Muziki ukaanza, Uzi akashuka. Ngazi ya kwanza, ya pili, kiuno kile kile, shingo ile ile. Shanga alijishika kifua. Akafika pale. Wa kulia ukapaa. Wa kushoto ukapanda mpaka sambamba na bega, ukakwama, vidole vikatawanyika. Watu wote walishusha pumzi. Uzi akaacha kuitazama kamera, akamtafuta Pindo kule gizani nyuma ya taa, akampata. Akaendelea kuinua. Mshono ukalia. Akainua mpaka juu kabisa, mkono wa gauni ukachanika begani, ukaporomoka mpaka kwenye kiwiko. Mkono wake mtupu, laini, hauna alama hata moja. Akasimama hivyo, macho kwa Pindo, mpaka muziki ukazimwa.

Dairekta alipiga kelele kama yule mpiga picha wa zamani. Akasema hiyo ndiyo, hairudiwi.

Uzi alivua gauni chini ya ngazi, akalikunja vizuri, mshono kwa mshono, kama alivyofundishwa. Akaja akamkabidhi Pindo kwa mikono miwili na heshima zote.

"Asante, fundi," akasema.

Miaka ishirini na mbili alimwita mama. Pindo alipokea gauni, akasema "haya," kama anavyomjibu mteja yeyote. Jioni ile Uzi alihamia kwa wenzake wa kundi. Ni mwezi wa tano sasa tangu aondoke. Nguo zake zimo kabatini, na Pindo huzipiga pasi kila Jumapili.

Video ilitoka ikawa moto. Na mtaalamu wa miwani akaeleza kwamba mkono kuchanika ni Shanga kuivunja nukuu ya wazee wake, na kwamba macho ya mchezaji kutazama nje ya picha ni mbinu inayojulikana, ya kumtazama mtazamaji asiyekuwapo. Wiki iliyofuata akaja msichana na kitambaa cha njano chini ya kwapa. Anataka mkono mmoja uliochanika begani, utokeze nyuzi hivi.

Nilingoja Pindo achukue pini. Hakuchukua. Akamvutia kiti. "Kaa kwanza," akamwambia. "Sikati mpaka nikuambie mkono huu ulikuwa unafunika nini." Na sasa humwambia hivyo kila anayekuja. Wengine huondoka katikati, wanaona mama huyu amechanganyikiwa. Wachache wamebaki wakalia naye. Mmoja alipandisha mkono wa sweta yake, na Pindo hakumwachia arudi alikotoka. Yumo chumbani kwake mpaka leo, chumba kile kile kimoja. Habari hizo lazima zimemfikia Uzi, mtaa huu hauna siri. Hajaja.

Kwa hiyo video ikipigwa saluni, Pindo huacha cherehani kinazunguka, akaenda kusimama pale pembeni kushoto karibu na ukuta. Haoni gauni kutoka pale, haoni ngazi wala wachezaji. Amepapima mwenyewe, kwa siku kadhaa, akisogea hatua moja mbele, nusu nyuma, kama anayetafuta urefu wa pindo. Akisimama hapo, Uzi anapogeuza macho, yanamwangukia yeye.

Mara nyingine wateja waliokaa upande ule hulalamika. "Mama, sogea, unatuzibia."

"Ngojeni kidogo," huwaambia. "Ananitazama."